Barua ya wazi kwa mnaokanusha: uongo mnautangaza ninyi

Kwa wahariri wakuu, wasemaji wa taasisi za umma, na ninyi mnaoendesha mitandao ya kijamii.

Waheshimiwa,

Nianze na kosa langu, maana anayenyoosha kidole kimoja, vitatu humwelekea mwenyewe.

Jioni moja mpwa wangu alikuwa mezani akifanya kazi ya jiografia aliyopewa shuleni. Nikapita na kikombe mkononi, nikamtupia jambo la kumfurahisha: Ukuta Mkuu wa China unaonekana kutoka mwezini. Akainua kichwa. "Nani aliuona, mjomba?" Nikafungua kinywa nimjibu, kisha nikakifunga. Miaka miwili nyuma nilikuwa nimeihariri makala iliyolikanusha jambo hilohilo. Niliipitia mstari kwa mstari, nikahakiki hata tarehe: Oktoba 2003, Yang Liwei, mwanaanga wa kwanza kurushwa na China, aliizunguka dunia mara 14, na aliporudi akaulizwa, akasema hakuuona. Naye alikuwa kilomita mia tatu na ushei tu juu ya vichwa vyetu. Mwezi uko kilomita 384,000.

Makala ile niliisoma mara mbili, labda tatu. Lile jambo lingine nimelisikia tangu darasa la nne, kwa walimu, redioni, kwenye vitabu vya chemsha bongo, na kwa wajomba waliokuwa wakipita na vikombe mkononi.

Kazi yangu ni kusahihisha maandiko ya watu. Nalipwa ili nitilie shaka. Ikiwa mimi nimenaswa nyumbani kwangu mwenyewe, basi ile lugha ya vikaoni, ya "wananchi wasio na uelewa" na "watu wanaomeza kila kitu", tuiweke kando kwanza. Nimekaa kwenye vikao hivyo. Naijua sauti inayotumika.

Mwaka 1977 watafiti watatu wa Marekani, Lynn Hasher, David Goldstein na Thomas Toppino, waliwaita wanafunzi wa chuo mara tatu, kwa kupishana wiki mbili. Kila walipokuja walipewa kauli 60 za maarifa ya kawaida, nyingine kweli nyingine uongo, wazipe alama 1 hadi 7 kadiri wanavyoziona za kweli. Kati ya hizo, kauli 20 zilikuwa zikirudi kila kikao. Zilizosomwa mara moja zilibaki palepale. Zilizorudi zilipanda, kutoka wastani wa 4.2 hadi 4.6, kisha 4.7, za kweli na za uongo bila ubaguzi. Hakuna hoja iliyoongezwa, wala ushahidi, wala mtu wa kuwashawishi. Zilirudiwa, basi.

Mtasema hao hawakuyajua majibu, ndiyo maana waliyumba. Mwaka 2015 Lisa Fazio na wenzake walilijaribu hilohilo kwa mambo ambayo watu wanayajua. Kauli mojawapo ilisema sari ni jina la sketi fupi ya marinda wanayovaa Waskoti. Wapo waliojua fika kwamba vazi hilo huitwa kilti, na walipoulizwa waziwazi walijibu sawasawa. Hata hivyo, kauli za uongo walizokwisha kuziona ziliwaelekea kuwa za kweli kuliko zile walizokuwa wakiziona kwa mara ya kwanza. Elimu ilikuwemo kichwani. Haikuitwa.

Ninavyoelewa mimi, akili ikiulizwa "hili ni kweli?" haiendi moja kwa moja kabatini kutafuta jibu. Inajiuliza kwanza swali jepesi zaidi: "hili nalifahamu?" Na kwa kuwa mengi tunayoyasikia kutwa ni ya kweli, njia hiyo ya mkato hutufikisha salama mara nyingi. Kasoro yake ni kwamba uongo ukipita mlangoni kwako kila siku, sura yake inageuka ya jirani, na jirani hatuombi kitambulisho. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nimekua nikiichukua methali hiyo kama onyo kwa wanaopuuza minong'ono. Siku hizi naiona kama maelezo sahihi kabisa ya jinsi kichwa cha mtu kinavyofanya kazi.

Upo mpaka, na ni haki niutaje. Gordon Pennycook na wenzake, katika utafiti wa 2018, waligundua kuwa kauli ya kipuuzi kupindukia, kama vile dunia ni mraba kamili, haipati nguvu kwa kurudiwa. Lakini wazushi hawaji na mraba. Wanakuja na jambo linalofanana na kweli, lenye jina la daktari na picha ya jengo. Katika utafiti huohuo, vichwa vya habari vya uongo viliaminika zaidi baada ya watu kuviona mara moja tu hapo kabla, hata vile vilivyobandikwa onyo kwamba wahakiki wanavipinga.

Hilo la mwisho lisomeni tena, kwa sababu ndilo lililoniketisha kuandika.

Utafiti mwingine, wa 2021, uliwarudishia watu kauli zilezile hadi mara 27. Imani iliendelea kupanda, ila kwa hatua zinazozidi kuwa ndogo. Hatua kubwa kuliko zote ilikuwa ile ya kutoka mara ya kwanza kwenda ya pili. Sasa jiulizeni: msomaji aliyeusikia uzushi mara moja, kwa mbali, akiwa na shughuli zake, nani humpelekea ile mara ya pili?

Ninalo tangazo moja nililolihifadhi. Taasisi iliyolitoa sitaitaja. Maji ya bomba yalitoka na rangi ya chai kwa siku mbili, na kwenye makundi ya WhatsApp ikazunguka sauti ya mtu asiyejulikana akisema yametiwa sumu. Siku ya tatu, saa nne usiku, likatoka kanusho. Karatasi yenye nembo, imepigwa mhuri, imeskaniwa ikiwa imepinda, herufi zake ndogo kiasi kwamba kwenye simu unaivuta kwa vidole kushoto na kulia mpaka unachoka. Kichwa chake, kwa herufi kubwa na nzito: YAH: UVUMI WA SUMU KATIKA MAJI. Nilikaa nikahesabu. Neno "sumu" limo mara saba. Neno "salama" limo mara moja, aya ya nne, ndani ya sentensi inayoanza na "Aidha". Aya ya tano inawatisha watakaokamatwa wakisambaza.

Asubuhi yake nikakutana na jirani ambaye ile sauti ya WhatsApp hakuwahi kuisikia. Habari alizipata kwenye tangazo. "Hata wenyewe wameandika," akaniambia, akanionyesha skrinshoti. Ilikuwa nembo na kichwa tu. Aya zote zilikuwa zimekatwa.

Waheshimiwa, pimeni hizo bidhaa mbili zilizokuwa sokoni usiku ule. Upande mmoja, sauti ya sekunde 40, Kiswahili cha kawaida, mtu anayeonekana kuwahurumia watoto wenu. Upande wa pili, karatasi iliyopinda na "Aidha". Mwaka 1999 Rolf Reber na Norbert Schwarz waliwaonyesha watu kauli za aina ya "Osorno iko Chile", nyingine kwa rangi inayosomeka vizuri, nyingine kwa rangi iliyofifia. Zilizosomeka kwa wepesi zilihesabiwa kuwa za kweli zaidi. Ikiwa rangi ya wino peke yake inaweza kufanya hivyo, sijui mnategemea nini kutoka kwenye PDF iliyopinda.

Na bado sijafika kwenye kosa kubwa la tangazo lile. Watu waliyaona maji kwa macho yao. Rangi ya chai haikuwa uvumi. Tangazo likawaambia hakuna sumu, likaishia hapo, na ndoo ikabaki pale bila maelezo. Nilipopiga simu kuuliza, fundi aliyepokea alinieleza kwa dakika moja: bomba kuu lilifungwa kwa ukarabati, lilipofunguliwa maji yakaja kwa kasi yakazoa kutu iliyokuwa imetulia ndani. Kwa nini hamkuandika hivyo, nikamuuliza. "Hayo ni mambo ya kiufundi," akasema.

Hayo mambo ya kiufundi ndiyo dawa yenyewe. Hollyn Johnson na Colleen Seifert walilionyesha hilo mwaka 1994 kwa kisa cha ghala lililoungua. Wasomaji waliambiwa kwanza kwamba kulikuwa na rangi na mitungi ya gesi kabatini, kisha wakaambiwa taarifa ile ilikosewa, kabati lilikuwa tupu. Walilikumbuka sahihisho vizuri. Lakini walipoulizwa moshi mzito ulitoka wapi, waliirudia rangi na mitungi. Walipopewa chanzo kingine, yaani dalili za moto kuwashwa makusudi, ndipo waliyaacha mawazo ya mwanzo kwa kiasi kikubwa. Ukimpokonya mtu maelezo mpe mengine ashike, la sivyo atayarudia yaleyale.

Sasa ninyi wahariri, wenzangu. Kwenu nitakuwa mkali zaidi kwa sababu tunajuana.

Februari 1998 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha andiko la daktari Andrew Wakefield na wenzake kuhusu watoto 12 na chanjo. Jarida liliondoa rasmi andiko hilo Februari 2010. Katikati hapo kuna miaka 12 ya vichwa vya habari. Chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela haileti usonji. Utafiti wa Denmark uliotolewa 2019, uliofuatilia watoto 657,461, haukuona uhusiano wowote. Lakini huko Uingereza, yalikoanzia yote, kiwango cha watoto waliochanjwa kilishuka kutoka takriban asilimia 92 katikati ya miaka ya 1990 hadi asilimia 80 kufikia mwaka 2003. Magazeti mengi ya wakati ule hayakudanganya moja kwa moja. Yaliuliza. Yaliweka pande mbili, daktari huyu na mzazi yule, nusu ukurasa kwa nusu ukurasa, kana kwamba uzito wa ushahidi unapimwa kwa sentimita za safu.

Mtindo huo bado tunao. "Je, ni kweli kwamba...?" Tunauita uangalifu. Alama ya kuuliza haikai kichwani mwa msomaji; baada ya wiki moja imeshadondoka, imebaki kauli. Nami nimeandika vichwa vya namna hiyo, zaidi ya kimoja, kwa sababu vinabofywa. Mkiangalia barua hii mtaona nimejichunga: ule uongo niliomwambia mpwa wangu nimeuandika mara moja tu, na ule wa chanjo sikuuandika kabisa, nimeandika kweli yake. Imenilazimu kupanga upya sentensi kadhaa. Haikuniua.

Ninajua mtanijibu nini. Kama kukanusha kunautangaza uongo, basi tunyamaze. Hapana, na hapa naomba tusichukue nusu ya elimu. Miaka ya 2000 ulikuwepo wasiwasi mkubwa kwamba kusahihisha humfanya mtu aamini uongo zaidi. Utafiti mmoja wa 2005 ulikuta wazee walioambiwa mara kwa mara kwamba kauli fulani ni ya uongo, baada ya siku tatu waliweza kuikumbuka kama ya kweli. Waliukumbuka ujumbe, wakasahau alama yake. Lakini tafiti nyingi zilizofuata hazikuuona mkasa huo kuwa wa kawaida. Kwa kawaida aliyesahihishwa huuamini uongo kidogo kuliko asiyesahihishwa. Tatizo ni kwamba sahihisho huchakaa, na uongo hauchakai kwa sababu kuna anayeupaka rangi kila asubuhi. Ninyi mnasema mara moja saa nne usiku, mnakunja karatasi, mnasema "tulishatoa ufafanuzi". Haba na haba hujaza kibaba, na wenzenu ndio wanaochota.

Kwa hiyo kunyamaza kuna mahali pake: uzushi uliofika kwa watu hamsini usiupeleke kwa milioni tano kwa kuukanusha kwenye taarifa ya habari. Ukishaenea, semeni, kwa sauti, na kweli itangulie.

Mlio kwenye mitandao ya kijamii nawaachia nafasi fupi, kwani ninyi mnayajua haya kuliko mimi. Mwaka 2018 Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral walichapisha uchunguzi wa habari takriban 126,000 zilizosambaa Twitter kati ya 2006 na 2017. Za uongo zilikuwa na uwezekano wa kusambazwa tena kwa asilimia 70 zaidi ya za kweli. Programu yenu inayochagua nini kije mbele haiulizi kama jambo ni kweli, inauliza kama litabofywa, kisha inamletea mtu huyo huyo lilelile kwa nguo tofauti: leo video, kesho picha, keshokutwa mtu anayemcheka aliyeamini.

Nyote mmependa kubandika alama ya onyo juu ya habari, kabla mtu hajaisoma au anapoisoma. Mwaka 2021 Nadia Brashier na wenzake walipima wakati gani alama hiyo husaidia. Wiki moja baadaye, waliooneshwa "kweli" au "si kweli" baada ya kusoma kichwa cha habari walikuwa wamepunguza makosa ya kutofautisha kwa asilimia 25.3. Waliooneshwa pamoja na habari, asilimia 8.6. Waliotangulia kuonywa, asilimia 5.7. Onyo linalokuja baadaye, mtu akiwa amekwisha kuipima habari kichwani mwake, linashika zaidi. Ninyi mna orodha ya kila aliyeitazama video ile ya uongo na ni kwa sekunde ngapi. Mtu akiangalia viatu mara moja mnamfuata navyo wiki nzima. Msiniambie hamwezi kumfuata na sahihisho.

Lingine dogo: muulizeni mtu kama anaona habari ni ya kweli kabla hajaisambaza. Swali tu, bila mahubiri. Limejaribiwa, na linapunguza uzushi unaosambazwa.

Ninachowaomba ninyi wa taasisi ni kazi ya asubuhi moja. Lichukueni tangazo la mwisho mlilolitoa kukanusha jambo. Hesabuni neno la uongo limo mara ngapi na neno la kweli limo mara ngapi. Kisha liandikeni upya, kweli ikiwa kichwani, uongo ukitajwa mara moja ikibidi, na baada yake maelezo ya kile watu walichokiona kwa macho. Mimi nimelijaribu lile la maji, ambalo bado ninalo:

"Maji ya bomba ni salama. Rangi ya chai mliyoiona siku hizi mbili ni kutu iliyozolewa bomba kuu lilipofunguliwa baada ya ukarabati. Tumeyapima jana katika vituo vyote. Fungueni bomba kwa dakika chache mpaka maji yawe meupe. Yasipokuwa meupe kufikia jioni, pigeni namba hii, fundi atakuja."

Maneno hayajafika hamsini. Yanasomeka kwenye simu bila kuvutwa, na ukikata skrinshoti popote, kipande kitakachobaki ni cha kweli. Yasomeni redioni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Wekeni sauti ya fundi yule yule niliyeongea naye, sekunde 40, kwa Kiswahili chake, muitume kwenye makundi yale yale. Wiki ijayo rudieni, hata kama mnaona aibu kusema jambo ambalo mlishalisema.

Mpwa wangu nimemrudia mara nne sasa kuhusu Ukuta. Mara ya nne aliniambia, "Mjomba, ulishaniambia." Nikamjibu najua.

Wenu katika kazi,
Msahihishaji wa zamu ya usiku